Kliniki ya mgongo na wagonjwa wapya: mwongozo kwa kairoprakta anayefungua Dar es Salaam au Nairobi

Maumivu ya mgongo wa chini yanaongoza duniani kwa kuwazuia watu kufanya shughuli zao. Mwaka 2020 yaliwapata watu wapatao milioni 619. Kwa hiyo kairoprakta, yaani mtaalamu anayetibu mgongo na viungo kwa mikono, aliyefungua chumba Kinondoni au Westlands na kushinda wiki nzima akitazama mlango asidhani kwamba wagonjwa wameadimika. Wapo famasi wananunua dawa ya maumivu ya diklofenaki, wapo kwa mkandaji wa mtaani, wapo kwenye foleni ya kipimo cha picha cha MRI. Hawafiki kwake kwa sababu tatu: hawajui kazi yake inaitwaje, waliopata namba yake walipiga simu ikajibiwa ovyo, na madaktari wa jirani hawamjui vya kutosha kumkabidhi mtu. Ukimwaga fedha za matangazo kabla ya kurekebisha hayo matatu, unalipa ili watu wengi zaidi waone kasoro zako.

Jina ambalo mgonjwa analijua

Aliyeamka na maumivu hatafuti "kairoprakta" kwenye simu. Huandika "maumivu ya mgongo na kiuno", "ganzi miguuni", "shingo imekaza". Aliyekwisha kupigwa picha huandika "diski imetoka" au "pingili zimesagika", kwa sababu ndivyo alivyoambiwa hospitalini. Hayo ndiyo maneno ya kuweka kwenye kibao, kwenye tovuti na kwenye WhatsApp. "Kliniki ya Mgongo, Shingo na Viungo" kwa herufi kubwa, na "Kairopraktiki" chini yake kwa herufi ndogo. Kibao kikifanywa kinyume chake, watu watapita mbele yake wakidhani ni duka la vifaa.

Kwenye tovuti, kila tatizo lipate ukurasa wake: kiuno, shingo, maumivu yanayoshuka mguuni, maumivu ya kichwa yanayoanzia shingoni. Maneno 500 hadi 700 yanatosha. Ukurasa useme nini husababisha tatizo, lini ni hatari, utafanya nini siku ya kwanza, inachukua muda gani na inagharimu kiasi gani. Andika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kila lugha na ukurasa wake. Ukichanganya mbili katika ukurasa mmoja, msomaji wa kila lugha atachoka katikati.

Wengi wakisikia "kunyoosha mgongo" humfikiria mkandaji. Usimtukane mkandaji, kwa maana mgonjwa wako ametoka kwake jana na huenda ni mjomba wake. Onyesha tofauti kwa vitu vinavyoonekana: cheti ukutani, namba ya usajili, mahali ulikosomea. Wengi wa ukanda huu husomea nje, kwa mfano Durban University of Technology au University of Johannesburg kule Afrika Kusini, au Uingereza na Marekani. Mamlaka inayokusajili ikikuruhusu kutumia neno daktari, liandike kwa ukamilifu, "daktari wa kairopraktiki", mtu asidhani unafanya upasuaji au unaandika dawa. Na kabla ya kuchapa chochote, iulize mamlaka hiyo kwa maandishi unaruhusiwa kutangaza nini. Masharti ya Tanzania si ya Kenya, na tangazo likikosewa anayeitwa kujieleza ni mwenye leseni. Kijana aliyelibuni haitwi.

Unachoweza kuahidi

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini. Tiba ya kusukuma na kuzungusha viungo vya uti wa mgongo kwa mikono imo miongoni mwa zilizokubaliwa, sambamba na elimu kwa mgonjwa, mazoezi na kukanda. Mikanda ya kiunoni na tiba ya kuvuta mgongo kwa mashine havikupendekezwa kwa matumizi ya kawaida. Huo ndio msingi wa tangazo lako: unatibu maumivu ya mgongo, shingo na baadhi ya maumivu ya kichwa, na tiba inakwenda na mazoezi.

Ukivuka hapo unacheza na leseni. Pumu, kisukari, presha, ugumba, mtoto anayekojoa kitandani, yote hayo yaache. Uingereza walijifunza kwa gharama. Mwaka 2008 chama cha makairoprakta cha huko kilimshtaki mwandishi wa sayansi aliyehoji madai yao kuhusu magonjwa ya watoto. Mwaka 2010, baada ya kushindwa hoja muhimu katika mahakama ya rufaa, chama kilifuta kesi, lakini wakati huo wakosoaji walikuwa wamekwisha kupita tovuti za wanachama moja baada ya nyingine na kupeleka malalamiko kwa msimamizi wa taaluma. Makairoprakta wengi walijikuta wakifuta kurasa haraka haraka.

Sentensi zinazoleta matatizo zinafahamika: "tunarudisha diski mahali pake", "utapona asilimia 100", "bila upasuaji kabisa". Badala yake andika: "Wengi wenye maumivu ya kiuno yasiyo na dalili za hatari hupata nafuu ndani ya wiki chache. Tutakupima, tutakueleza tunachokiona, na kama tatizo lako si la kutibiwa hapa tutakupa rufaa siku hiyo hiyo." Inaonekana dhaifu ukiilinganisha na kelele za mtandaoni, lakini ndiyo inayosomwa na binti wa mgonjwa, ambaye mara nyingi ndiye anayelipa.

Neno kuhusu video za kuvunja shingo zenye mlio mkubwa. Zinatazamwa sana, tena na watu wa mbali wasiokuja kamwe. Ule mlio unatokana na gesi ndani ya majimaji ya kiungo na haumaanishi kwamba mfupa umerudi mahali pake, kwa hiyo video hizo zinamfundisha mgonjwa kudai mlio badala ya nafuu. Kuna pia vijana wanaoziiga nyumbani. Video ya dakika moja inayoonyesha jinsi ya kutoka kitandani mgongo ukiwa umekaza italeta watazamaji wachache, ila ni wa mtaa wako.

Simu

Hapa ndipo wagonjwa wanapopotea kwa wingi. Mtu ana maumivu, amepata namba tatu, anapiga moja baada ya nyingine. Atakwenda kwa atakayepokea kwanza na kumsikiliza. Simu ipokewe kabla ya mlio wa nne. Ikipita, ipigiwe ndani ya dakika 10. Ukiwa peke yako na mikono iko mgongoni mwa mtu, tafuta mtu wa mapokezi hata wa nusu siku, kuanzia saa mbili hadi saa saba, kwa kuwa simu nyingi za maumivu huja asubuhi, baada ya usiku mbaya.

Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Kliniki ya Mgongo, Mwanaidi anaongea. Habari za asubuhi?"

"Nzuri dada. Naulizia, kunyoosha mgongo shilingi ngapi?"

"Pole na maumivu, kaka. Bei nakutajia sasa hivi. Kwanza nieleze kidogo: yameanza lini, na yamebaki kiunoni au yanashuka mguuni?"

"Wiki ya pili hii. Yanashuka mpaka ugokoni."

"Pole sana. Mkojo na choo unapata kama kawaida? Kuna ganzi katikati ya mapaja? Mguu unalegea ukitembea?"

"Hapana, ni maumivu tu."

"Sawa. Siku ya kwanza ni 60,000. Utaongea na daktari, atakupima, na kama inafaa utaanza tiba papo hapo, jumla kama dakika 50. Siku zinazofuata ni 40,000. Kesho nina saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Ipi inakufaa?"

Bei hizo ni za mfano, weka zako, lakini utaratibu uwe huo: pole, maswali mawili matatu, bei kamili, halafu nafasi mbili za kuchagua. "Njoo kwanza tutaongea bei hapa hapa" inawafukuza watu, kwani kila mtu mjini anajua kwamba bei isiyotajwa hupangwa kwa kuangalia viatu vya mteja. Na "unataka kuja lini?" humwachia mgonjwa kazi ya kufikiri wakati hajalala siku mbili, atasema atapiga tena, na hatapiga.

Maswali ya hatari yaandikwe kwenye karatasi kando ya simu, mpokezi asiyabuni. Kushindwa kukojoa au kujikojolea, ganzi ya msamba (sehemu inayogusa tandiko la baiskeli), miguu yote miwili kulegea: aende hospitali yenye dharura sasa hivi, asingoje miadi. Vivyo hivyo aliyeanguka au kupata ajali karibuni, na mwenye maumivu ya ghafla ya shingo au kichwa ambayo hajawahi kuyapata, yakiambatana na kizunguzungu, kuona mbili mbili au ulimi kuwa mzito. Homa, jasho la usiku, kukonda, historia ya saratani au TB: apimwe na daktari kabla hujamgusa. Kwetu TB ya uti wa mgongo bado ipo, saratani ya tezi dume husambaa hadi kwenye pingili za wazee, na mwenye selimundu anaweza kuja na maumivu ya mgongo ambayo chanzo chake ni ugonjwa huo.

Muda uandikwe kwa namna mbili. "Saa nne" ya Kiswahili ni 10:00, lakini mtu aliyezoea ofisi za Kiingereza akisoma "saa 4:00" kwenye ujumbe anaweza kutokea 16:00 akikuta nafasi yake imeshapita. Ujumbe wa ukumbusho, siku moja kabla, uwe hivi: "Habari za mchana Bw. Juma. Miadi yako ni kesho Jumatano, saa nne asubuhi (10:00). Vaa nguo zisizobana. Ukiwa na picha za zamani, njoo nazo. Jibu 1 kuthibitisha, 2 kubadili muda." Usitaje ugonjwa. Simu hushikwa na watoto, na bosi anaweza kuwa kando.

Mlango, kiti na kitambaa

Chumba cha ghorofa ya tatu kisicho na lifti ni nafuu kwa kodi na ghali kwa kila kitu kingine. Mwenye siatika, yaani maumivu yanayoshuka kutoka kiunoni hadi mguuni, atafika ngazi ya pili, atageuka, na hutajua kamwe kwamba alikuja. Kama huna budi kukaa juu, mwambie kwenye simu idadi ya ngazi, na uwe na utaratibu wa kumpima chini siku ambazo hawezi. Maelekezo ya njia yarekodiwe kwa sauti ya WhatsApp: kituo gani cha daladala au matatu, ushuke upande gani, alama gani, gari linaweza kusimama wapi kumteremsha mtu aliyelala kiti cha nyuma.

Mapokezi mengi yana sofa laini za chini, jambo la ajabu kwa kliniki ya mgongo. Mgonjwa anazama, akiitwa hawezi kuinuka, na wenzake wote wanaona. Weka viti vigumu vyenye mikono, kimo cha kikalio sentimita 45 hadi 50, na nafasi ya wasioweza kukaa kusimama wakiegemea.

Wanawake ndio wengi wanaokuja au wanaoleta wazazi, na Pwani hasa swali lao la kwanza, wasilolisema, ni nani atakuwemo chumbani na watavua nini. Lijibu kabla halijaulizwa: pazia kamili, kanga au shuka safi kwa kila mtu, ruhusa ya kuingia na ndugu, na msaidizi wa kike akihitajika. Iandike kwenye ukurasa wa tovuti na mpokezi aiseme kwenye simu. Sentensi hiyo moja huleta wagonjwa kuliko picha yoyote ya mashine.

Siku ya kwanza usianze na mikono. Anza na mambo matatu ambayo maumivu yamemnyima, kwa maneno yake, na kila moja alipatie alama 0 hadi 10: 0 hawezi kabisa, 10 anafanya kama zamani. "Kusujudu: 3. Kukaa kwenye daladala toka Mbezi: 4. Kumbeba mtoto: 2." Andika kwenye kadi yake. Wiki tatu baadaye kusujudu kukipanda hadi 8, huna haja ya kumshawishi mtu kwamba amepata nafuu, na akirudi nyumbani atawaeleza jamaa zake kwa kusema kwamba sasa anasujudu. Hilo linasikika msikitini kuliko "uti wa mgongo wangu umenyooshwa".

Mpango wa tiba uwe mfupi: mara 4 hadi 6 ndani ya wiki mbili au tatu, kisha kupima upya mbele ya mgonjwa. Pasipo mabadiliko, badilisha njia au mpe rufaa. Vifurushi vya mara 30 au 40 vinavyolipwa mapema vimeiharibia kazi hii jina Marekani. Huleta fedha mwezi wa kwanza, halafu mgonjwa aliyepona mara ya tano anataka zake zilizobaki, mnagombana, na ugomvi unahamia kwenye nyota za Google. X-ray ya bure kama chambo ni mbaya zaidi. Maumivu ya kawaida ya kiuno hayahitaji picha, mionzi si zawadi, na mashine yenyewe inahitaji kibali, kwa Tanzania cha Tume ya Nguvu za Atomiki.

Madaktari na famasi

Daktari wa zahanati aliye umbali wa kilomita mbili huona watu wa mgongo kila siku na hana muda nao. Anawapa dawa za maumivu, wanarudi, anawapa tena. Angependa kuwa na mahali pa kuwapeleka, lakini anaogopa jambo moja: kwamba utamvunja mtu shingo na jina lake litakuwa kwenye barua ya rufaa. Kazi yako ni kuondoa hofu hiyo, na maneno hayaiondoi.

Andika orodha ya vituo 15 vya karibu: zahanati, kliniki za bima, wataalamu wa mifupa, wa neva, wa uzazi (wajawazito huumwa sana kiuno), pamoja na wafiziotherapia, ambao wengine huwaona kuwa wapinzani tu ilhali kila upande una wagonjwa wa kumpa mwenzake. Wapigie kwanza. Nenda alasiri, saa nane au tisa, foleni ikiwa imepungua. Omba dakika 5 na uondoke zikiisha. Peleka karatasi moja yenye safu mbili: wagonjwa unaowapokea, na wagonjwa usiowapokea au utakaowarudisha. Safu ya pili ndiyo itakayosomwa.

Akikutumia mtu wa kwanza, barua yako imfikie ndani ya saa 48. Barua hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza; yaliyomo yawe haya:

"Asante kwa kunielekezea Bi. A., miaka 42, mwenye maumivu ya kiuno ya wiki tano yanayoshuka mguu wa kushoto hadi chini ya goti. Nguvu za miguu ni kamili, rifleksi ziko sawa, hana shida ya mkojo wala ganzi ya msamba. Akilala chali, mguu wa kushoto ukiinuliwa huuma kwenye nyuzi 45. Nitamtibu mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu, pamoja na mazoezi ya nyumbani. Nguvu zikipungua, au asipopata nafuu baada ya muda huo, nitamrudisha kwako kwa uamuzi wa MRI. Dawa ulizompa sijazigusa."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Barua ya pili ifuate tiba ikiisha, mistari minne tu. Na mgonjwa arudi kwa daktari wake kwa mambo mengine yote. Ukianza kumuuzia virutubisho na kumshauri kuhusu presha, daktari atajua wiki ijayo, na huyo atakuwa wa mwisho.

Kuhusu "asante" ya bahasha kwa kila mgonjwa: usitoe, usipokee. Maadili ya tiba hayaruhusu kununua rufaa, na hata kibiashara ni hesabu mbaya, kwa sababu anayetuma kwa bahasha atakutumia kila mtu, wakiwemo wale usiopaswa kuwagusa, na kesho atamtumia anayetoa bahasha nene zaidi.

Famasi na maduka ya dawa muhimu husahauliwa. Muuzaji anamfahamu anayenunua dawa za maumivu kila wiki, na wengi wao wana wasiwasi na matumizi hayo, maana dawa za jamii hiyo huharibu tumbo na figo zikitumiwa ovyo. Mwachie kadi 20 zenye dalili za hatari upande mmoja na namba yako upande wa pili. Kadi yenye faida kwa mteja wake ataitoa. Yenye picha yako tu itakaa kwenye droo.

Ramani, maoni, na matangazo ya kulipia

Fungua wasifu wa biashara kwenye Google na uchague aina kuu ya kairoprakta. Jina liwe lile lililo kwenye kibao, herufi kwa herufi. Anayeongeza "bora Dar es Salaam, maumivu ya mgongo" kwenye jina hualika kufungiwa. Uthibitisho siku hizi mara nyingi ni kwa video: onyesha barabara, kibao, kisha wewe ukifungua mlango kwa ufunguo. Weka picha za mlango kutoka barabarani, ngazi na maegesho. Badilisha saa za kazi Ramadhani na sikukuu, kwani mtu mwenye maumivu akikuta umefunga wakati Google inasema uko wazi, harudi.

Maoni yaombwe siku mgonjwa anapokuambia mwenyewe kwamba ana nafuu, kwa kiungo kifupi unachomtumia kabla hajatoka. Usimpe punguzo wala zawadi, Google hairuhusu, na usiwachuje wenye furaha peke yao. Watu kumi wakiandika siku moja kupitia wi-fi ya kliniki yako, maoni yanaweza kufutwa yote. Ukitukanwa, jibu bila kukiri kwamba mtu huyo ni mgonjwa wako: "Asante kwa maoni. Tungependa kukusikiliza kwa namba ya kliniki." Ukianza kueleza kilichotokea mgongoni mwake, umetoa siri ya mgonjwa hadharani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinaziweka taarifa za afya katika kundi nyeti. Picha au ushuhuda wa mgonjwa unahitaji idhini ya maandishi, kwenye karatasi tofauti na ile ya kukubali tiba, nayo iseme itatumika wapi na jinsi ya kuifuta.

WhatsApp Business inatosha kwa ofisi ndogo: majibu ya haraka kwa bei, njia na saa, lebo za "ameuliza", "ana miadi", "hakuja", na ujumbe wa usiku unaotaja dalili za hatari na kusema mtajibu saa ngapi. Orodha ya kutuma kwa pamoja huchukua watu 256, na huwafikia tu waliohifadhi namba yako, kwa hiyo siku ya kwanza mpokezi amwombe mgonjwa aihifadhi.

Matangazo ya Facebook na Instagram yaje mwisho. Yakataliwapo, mara nyingi ni kwa sababu yamemnyooshea mtu kidole: "Je, unaumwa mgongo?" Mtandao huo hautaki tangazo linaloashiria kwamba unajua ugonjwa wa msomaji, wala picha za kabla na baada. Andika "Kliniki ya mgongo na shingo, Kinondoni, Jumatatu hadi Jumamosi" na uelekeze kwenye WhatsApp. Eneo liwe kilomita 5 hadi 8. Mtu wa Mbagala mwenye maumivu makali hatavuka foleni hadi Mikocheni, na kumwonyesha tangazo ni hasara. Kwenye Google, usipoteze muda kujaribu kuwafuata kwa matangazo watu waliokwisha kutembelea tovuti yako; kwa mambo ya afya hawaruhusu.

Chukua mfano: 10,000 kwa siku kwa siku 14 ni 140,000. Watu 35 wanaandika, 12 wanapanga miadi, 6 wanafika. Kila mmoja amekugharimu 23,333. Tangazo lile lile, ukumbusho ukitumwa na simu zikipokewa, wakifika 9 gharama inashuka hadi 15,556. Hujaongeza shilingi kwenye tangazo.

Nje ya kliniki

Dar ina klabu za jogging kila kata, na Jumamosi alfajiri zina watu wengi kuliko ukumbi wowote utakaokodi. Ongea na katibu wa klabu, omba dakika 15 baada ya mazoezi. Beba mkeka, mfano wa uti wa mgongo, kadi 30. Fundisha mambo mawili tu, kwa mfano kuinua ndoo na kunyoosha misuli ya nyuma ya paja. Usimnyooshe mtu uwanjani hata wakikuzonga. Huna historia yake, huna faragha, huna kitanda, na mmoja akiumia mbele ya mia moja umekwisha kata nzima. Wiki kabla ya Kilimanjaro Marathon au mbio za Nairobi klabu zenyewe zitakutafuta.

Ofisini mlango ni afisa rasilimaliwatu au kamati ya usalama kazini. Mpe kitu kinachopimika: utazungukia meza 20, utarekebisha kimo cha viti na skrini, utaandika ripoti ya ukurasa mmoja isiyotaja majina. Tarehe 16 Oktoba ni Siku ya Uti wa Mgongo Duniani; barua zipelekwe mapema Septemba, vinginevyo bajeti imeshapangwa. Madereva wa malori na bodaboda hawaji kwa barua. Hao huletwa na mwenzao mmoja aliyepona, basi hakikisha huyo mmoja anatoka na namba ya kumpa mwenzake na kwamba kliniki inafungua hadi saa moja jioni.

Daftari

Safu sita: tarehe, aliyemwelekeza, aliuliza kwa njia gani, alipanga, alifika, alimaliza tiba. Swali la mapokezi liwe "Nani alikuelekeza kwetu?" Akisema "mtandaoni", uliza ni ramani, Instagram au kundi la WhatsApp la shule ya mtoto. Kila Ijumaa jumlisha. Walioandika wengi na waliopanga wachache, tatizo ni simu au bei. Waliopanga wengi na waliofika wachache, tatizo ni ukumbusho au njia. Waliofika wengi na wakapotea baada ya mara ya pili, tatizo liko chumbani mwako na hakuna tangazo litakalolitibu. Mpigie mmoja mmoja, uliza, nyamaza usikilize.

Aliyekatisha tiba atumiwe ujumbe mmoja baada ya wiki mbili, mwingine baada ya wiki sita, halafu basi. Nafasi ya kwanza iliyo wazi ikishakuwa mbali kuliko siku tatu, simamisha tangazo la kulipia siku hiyo hiyo. Mwenye maumivu makali hangoji wiki. Utakuwa unalipa ili kumpelekea kairoprakta mwingine mgonjwa. Acha kila siku nafasi mbili tupu hadi saa tatu asubuhi, kwa ajili ya anayepiga akiwa amekwama kitandani na kwa ajili ya daktari atakayekuuliza kama unaweza kumpokea mtu leo.